Gunzi la Kizimba cha Tisa

Kabla hujawasha taa ya chumba cha panya, simama mlangoni kwanza usikilize. Najua hakuna aliyekuambia hivyo. Siku hizi mnaingia na simu mkononi, mnabonyeza swichi, mnasoma joto la chumba kwenye kioo ukutani, mnaona kazi imeanza. Mimi nimetunza wanyama wa maabara tangu nikiwa msichana wa nywele za kusuka hadi nikastaafu na mvi zangu, na bado nakwambia, sikiliza. Panya mwenye afya anatafuna. Ukisikia krr-krr-krr kila pembe ya chumba, nenda ukanywe chai yako kwa amani. Ukisikia kimya wakati wa chakula, kagua chupa za maji, maana panya akikosa maji huacha kula, na wewe utakuja kugundua kesho akiwa ameshalala upande.

Hayo nilifundishwa na mzee Njoroge wa Dagoretti, aliyekuwa mkubwa wangu nilipoajiriwa. Kabla ya kuja maabara alikuwa amefanya kazi kwenye kichinjio cha huko kwao, na kazi yake ilikuwa kufunua mbuzi mdomo na kutaja umri kwa kutazama meno. Mwenye mbuzi anaapa kwamba mnyama wake ni wa mwaka jana tu, Njoroge anaingiza kidole, anasema, "Huyu ni shosho, bibi kizee kabisa," na bei inashuka. Alipohamia kwetu hakuacha tabia hiyo. Panya akikonda, sisi wengine tunakimbilia mizani na daftari, yeye tayari amemshika shingoni na anamtazama mdomoni.

"Uzee unaanzia hapa," aliniambia siku moja, akinionyesha meno ya mbele ya panya, ya manjano na marefu. "Huyu meno yake yanakua mpaka kufa. Asipotafuna, yanamziba."

"Na sisi, mzee? Utatukagua lini?"

"Wewe Mkamba nimekuona ukila mahindi. Bado uko sawa."

Njoroge alifariki miaka mingi kabla ya mambo ninayotaka kuwaeleza, lakini kidole chake kimo ndani ya hadithi hii yote.

Msidhani nawaandikia kwa sababu nilikuwa hodari sana. Makosa yangu yangejaza kabati. Mwaka wangu wa kwanza nilitumwa kutafuta maranda ya kutandikia vizimba, nikaenda kwa mafundi wa viti wa Ngong Road, ambako mume wangu alikuwa na kibanda chake cha useremala. Alinijazia magunia mawili kwa mapenzi. Hakuniambia kwamba mbao zile zilikuwa zimepakwa dawa ya mchwa, na mimi sikuuliza, nani anamuuliza mumewe maswali ya mbao? Kufikia Alhamisi chumba kizima kilikuwa kinapiga chafya. Mzee Njoroge alinifanya nibadilishe kila kizimba kwa mkono wangu, na mume wangu akaniletea chapati mlangoni kuomba radhi.

Kosa jingine lilikuwa la kusaga. Na hapo ndipo tunaingia kwenye jambo lenyewe.

Katika miaka yangu ya mwisho kazini alikuja Daktari Wairimu, mtafiti mwembamba mwenye haraka, aliyekuwa na swali moja tu kichwani. Alitaka kujua kama chakula laini kinamzeesha mnyama upesi. Hakusema chakula kibaya. Alitaka chakula kilekile, kutoka gunia lilelile, isipokuwa nusu ya panya wapewe vidonge vigumu vya kutafuna na nusu wapewe vidonge hivyohivyo vikiwa vimesagwa unga. Uzito sawa, maji sawa, chumba kimoja. Tofauti iwe taya tu. Kisha wakizeeka awapime akili.

Kipimo chenyewe kilikuwa meza ya duara yenye matundu pembeni, taa kali juu yake. Chini ya tundu moja kuna kisanduku chenye giza, mahali pazuri pa kujificha. Panya hapendi mwanga. Anayekumbuka huenda moja kwa moja kwenye tundu lake. Anayesahau huzunguka, huchungulia hapa, huchungulia pale, husimama katikati kama mtu aliyeingia jikoni akasahau alichofuata. Daktari alishika saa na mimi nilishika panya.

Unga niliambiwa niusage mwenyewe. Mara ya kwanza, kwa uvivu, nilibeba gunia hadi kwa mashine ya kusaga unga kule sokoni. Mwenye mashine alinusa akaniuliza, "Mathe, hii ni ugali ya nani?" Nikamwambia ya wageni. Ikarudi imechanganyika na mahindi ya mteja aliyenitangulia, gunia zima tukalitupa. Tangu siku hiyo nilisaga kwa kisagio kidogo cha maabara, kila asubuhi, nikiwa nimejifunga kitambaa puani.

Sasa nisikilizeni kuhusu panya wa unga. Hawakuumwa. Walinenepa vizuri, manyoya safi. Lakini upande wao wa chumba ulikuwa kimya. Kulia krr-krr-krr, kushoto hakuna kitu. Na kwa kuwa hawatafuni, meno yao ya mbele yalirefuka bila kupungua, ikabidi niwe nayakata kwa mkasi mdogo. Shika shingo, funga mkono kwa kitambaa, kata kwa mkato mmoja, usisite. Ukisita jino hupasuka hadi kwenye mzizi. Hilo mtafundishwa, lakini hamtaambiwa kwamba panya mzee anayekatwa meno anakutazama.

Wakati huohuo nyumbani kwangu mtaa wa Jamhuri mambo yalikuwa yamebadilika. Mume wangu, Baba Mueni, alikuwa amestaafu useremala na meno yake mengi yameng'oka. Alitengenezewa ya bandia yakawa yanamchubua ufizi, akayaacha kwenye kikombe. Kisha siku ya harusi ya mpwa wetu alipaliwa na kipande cha nyama mbele ya watu wote. Binti yetu Mueni, anayefanya kazi ofisini Westlands, alitoka pale akilia.

"Mum, kuanzia leo kila kitu ipondwe. Kila kitu. Sitaki kusikia habari ya nyama tena."

Nikatii. Asubuhi uji, mchana viazi vya kuponda, jioni muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, nimeyachemsha hadi yakapoteza umbo kisha nikayaponda tena. Baba Mueni aliyekuwa akibeba kabati peke yake akawa analishwa kijiko kwa kijiko. Hakulalamika. Polepole akaanza kuuliza kitu kimoja mara tatu. Akaanza kuweka funguo kwenye sukari. Daktari wa hospitali alisema ni umri tu.

Asubuhi nilisagia panya, jioni nilipondea mume wangu. Mikono ilikuwa inajua kazi moja. Na kila Daktari Wairimu alipowapima wale wa unga kwenye meza ya duara, nami nikawaona wanazunguka na kusimama katikati, moyo ulinienda nyumbani. Nilitaka kujua. Sikutaka kujua kwa ajili ya sayansi, nawaambia ukweli. Nilitaka kujua kama mtu ambaye tayari ameanza kupotea, ukimrudishia kazi ya taya, anaweza kurudi hata hatua moja.

Daktari hakuwa anauliza hilo. Swali lake lilikuwa kama ulaini unazeesha. Swali langu lilikuwa kama kuna kurudi. Mimi nilikuwa mfagiaji wa vizimba na sikuwa na ruhusa ya kuwa na swali.

Katika kizimba cha tisa, upande wa unga, walibaki panya wawili majike, ndugu wa tumbo moja. Wenzao walikuwa wamekufa kwa uzee. Kwenye kipimo cha pili hawa wawili walifanya vibaya kuliko wote. Mmoja alikuwa na sikio lililokatika ncha. Tulikatazwa kuwapa panya majina na sikumpa, ila nilikuwa namwita "wewe," kwa sauti ambayo sikuwaitia wengine.

Jioni moja ya siku hizohizo nilikuwa nimechemsha mahindi nyumbani. Nikapukuchua punje za mume wangu, nikaziponda kama kawaida, nikabaki na gunzi mkononi. Baba Mueni alilitazama. Hakuitazama sahani yake, alilitazama gunzi. Akasema, "Zamani nilikuwa nakula hilo mpaka linakuwa jeupe." Nikalitupa kwenye mkoba badala ya kwenye ndoo ya taka, sijui kwa nini.

Kesho yake nikalikata vipande, nikalipitisha kwenye mashine ya mvuke ili lisilete vijidudu, nikalikausha, nikaweka kipande kizimba cha tisa. Mnaona jinsi nilivyokuwa mwangalifu ndani ya kosa lenyewe? Yule wa sikio alilinusa kwa muda mrefu. Kisha nikasikia, kwa mara ya kwanza upande wa kushoto, krr. Nililia, na siwaonei haya.

Nikaendelea. Sikumwambia mtu, na sikuandika popote. Nikisafisha naondoa vijipande, naweka kingine. Meno yao yakaacha kuhitaji mkasi, na mimi kwenye fomu ya kukata meno nikawa naweka alama ileile ya siku zote, kwamba nimekata. Hilo ndilo baya kuliko yote niliyofanya kazini, lishikeni. Gunzi lilikuwa huruma. Ile alama ilikuwa uongo.

Kipimo cha tatu kikafika. Panya wa vidonge walifanya walivyotarajiwa, wa unga wakapotea walivyotarajiwa. Nikamweka yule wa sikio mezani. Akanusa hewa. Akaenda upande mmoja, akageuka, akaelekea tundu lake akaingia. Daktari Wairimu akatazama saa kisha akanitazama mimi.

"Umeniletea kizimba gani?"

"Cha tisa, Daktari."

"Rudia."

Tulirudia kesho na keshokutwa. Ndugu yake naye akafanya vizuri, si kama yeye lakini vizuri. Kwa siku kadhaa Daktari hakula chakula cha mchana. Nilimkuta ameketi sakafuni mbele ya kizimba, fomu zimemzunguka.

"Mama Mueni, hii kitu haimake sense. Hawa wawili wananiharibia kila kitu. Ama nimekosea tangu mwanzo, ama kuna kitu hapa nisichokiona. Unafikiri ni nini? Wewe ndio unakaa nao."

Nilikuwa nimebakiza miezi michache nistaafu. Ningeweza kusema sijui. Kwa siku mbili nilisema sijui. Nikawaza barua ya kufukuzwa, nikawaza Mueni akiniuliza nilifukuzwa kwa kosa gani, nimjibu gunzi. Lakini nilimwona Daktari anaanza kufuta kazi yake nzuri, ukurasa baada ya ukurasa, akitafuta kosa ambalo hakulifanya yeye. Siku ya tatu nilimfuata ofisini nikafunga mlango.

"Daktari, kosa ni langu. Nimekuwa nikiwapa gunzi la mahindi."

Hakunielewa. Nikaeleza tena. Nikamwambia na habari ya fomu za meno. Uso wake ulibadilika, akasimama, akaketi.

"Miaka miwili, Mama Mueni. Two years za maisha yangu. Na wewe ndiye nilikuwa nakuamini kuliko watu wote hapa ndani."

"Najua."

"Kwa nini?"

Nikamweleza habari ya Baba Mueni. Uji, viazi, funguo kwenye sukari, na swali langu. Nilisema nikitazama mikono yangu. Aliinamia fomu zake, na nje nikasikia muziki wa baa za Westlands, jirani na maabara yetu, ukijaribiwa kwa ajili ya jioni. Nilidhani anatafuta maneno ya kunifukuza. Kumbe alikuwa anafikiria kitu kingine, kwa sababu alipoinua uso macho yalikuwa tofauti.

"Ulianza lini?"

"Nini?"

"Kuwapa gunzi. Ulianza lini? Kwa sababu kipimo cha pili walikuwa wamepotea, nimewaona mwenyewe. Sasa wamerudi. Kama ulianza baada ya kipimo cha pili, basi walitafuna wakiwa tayari wazee, na wakarudi. Unanielewa? Hilo ndilo swali lako. Tarehe, Mama Mueni. Na yupi alitafuna zaidi? Uliwapa mara ngapi kwa wiki? Kiasi gani?"

Nikajaribu kukumbuka. Mvua ilikuwa imeanza nilipoweka kipande cha kwanza, hilo nalikumbuka, kwa sababu gunzi halikukauka upesi. Lakini mvua ilianza kabla ya kipimo cha pili au baada? Niliona ni baada. Nilipotulia nikaona labda ni kabla. Mara ngapi kwa wiki? Nilipokuwa na gunzi. Yupi alitafuna zaidi? Yule wa sikio, nilivyoona mimi, lakini nilikuwa nampenda.

"Sijui, Daktari."

"Hata kwa karatasi ndogo? Simu?"

"Sikuandika."

Aliweka kalamu chini taratibu. "Siwezi kuandika kwamba Mama Mueni alisikia huruma wakati wa mvua."

Hivyo ndivyo lilivyoisha. Aliandika ripoti kwa wakubwa, nami nikaandika ya kwangu, barua ya onyo ikaingia kwenye faili yangu. Kizimba cha tisa kikaondolewa kwenye hesabu zake. Kazi yake iliyobaki ilisimama imara. Lakini jibu nililokuwa nalihitaji kuliko kitu chochote lilipita mbele ya macho yangu, juu ya meza, chini ya taa, na nililipoteza kwa mkono wangu mwenyewe. Kulitafuta upya kungehitaji panya wapya na miaka mingine, na mradi ulikuwa umefika mwisho. Nilikosa usingizi kwa hilo kuliko kwa barua ya onyo.

Vijana wangu, mtahurumia wanyama. Asiyewahurumia simtaki katika chumba hicho. Lakini huruma yako ikikushinda, ikimbize kwa mkubwa wako, na kama huna ujasiri huo, basi walau iandike siku ileile, saa ileile, hata kama maandishi hayo yatakufukuzisha. Kosa lililoandikwa linaweza kumfaa mtu. La kwangu halikumfaa mtu yeyote.

Wiki niliyostaafu nilikwenda kuaga chumba. Panya wa kizimba cha tisa walikuwa bado hai, kwa sababu waliotolewa kwenye hesabu hawakuchukuliwa kwa uchunguzi wa mwisho, ule wa kuuawa na kupasuliwa. Ndani ya kizimba niliona kipande cha gunzi kipya. Kwenye mlango wa kizimba palining'inia kadi yenye maandishi ya Daktari Wairimu, tarehe, uzito wa kipande kabla na baada. Aliniona nimesimama.

"Haithibitishi kitu," akasema. "Ni panya wawili tu."

"Najua, Daktari."

"Lakini sasa inaandikwa. Msalimie Baba Mueni."

Nikirudi nyumbani siku ile nilinunua daftari la mazoezi kwenye duka la pembeni. Kesho yake nilimpeleka Baba Mueni kwa daktari wa meno, yale ya bandia yakachongwa upya hadi yakaacha kumchubua. Mueni alinigombeza kwenye simu. Nikamwambia sitampa nyama ya harusi, nitaanza na ndizi ya kuchemsha, kisha maharagwe mazima, kisha muthokoi usiopondwa, na nitaketi mbele yake kila tonge. Akasema, "Sawa Mum, lakini nitakuja kuona." Akaja, akaona, akaondoka, na Jumapili akarudi na mahindi ya kuchemsha.

Msiniulize kama amepona. Sijui, na nimekatazwa na maisha yangu yote kusema ninalolitamani kana kwamba nimeliona. Daftari lina tarehe, chakula, muda aliotafuna, na maneno aliyosema. Siku alipokumbuka jina la mteja aliyemtengenezea kitanda cha kwanza, nimeandika. Siku alizonitazama kama mgeni nazo nimeziandika, kwa kalamu ileile, na sijararua hata ukurasa mmoja.

Siku hizi akiwa mezani mimi husimama mlangoni pa jikoni nikisikiliza. Jana alikuwa na isyo, mahindi na maharagwe mazima, anatafuna polepole, na mimi nilikuwa naosha sufuria nikijisahau. Mara sauti ya kutafuna ikakoma. Nikashtuka, nikageuka na mikono ya povu.

"Wewe Kanini," akaniita, "leo umeandika?"

Kanini alikuwa dada yake, tulimzika zamani. Lakini daftari alikuwa amelikumbuka mwenyewe, bila kuulizwa na mtu. Nikafuta mikono kwenye leso, nikalifungua, nikaandika yote mawili.